Kulipwa Ili Uumbe: Mwongozo wa Residensi kwa Mwanasarakasi wa Nyalenda

Ukishuka kutoka Ring Road, Kisumu, kuelekea Nanga mwendo wa saa kumi jioni, utasikia mguu kabla hujamwona mwenye mguu. Kuna tairi kuukuu la lori lililofukiwa nusu ardhini, tumbo lake limeshindiliwa magunia na nyasi kavu. Kijana anakuja mbio, anakita miguu yote miwili ukingoni, tairi linamrusha, anabinuka mara mbili hewani na kutua mchangani. Pembeni yupo msichana mwenye kijiti. Kila mtu akitua, anachora mstari pale visigino vilipogusa, kisha anapima kwa nyayo zake. Jana nyayo saba, leo saba na nusu. Anaandika kwenye daftari la shule ambalo jalada lake lilishang'oka.

Hakuna aliyewahi kumlipa mtu Nyalenda kwa ajili ya nyayo hizo. Harusi ya Milimani hulipia dakika ishirini za kuruka. Mwanasiasa hulipia umati usitawanyike kabla hajafika. Hoteli ya pwani hulipia usiku mmoja baada ya mwingine, namba zilezile, piramidi ileile ya watu. Residensi hulipia kijiti na daftari: wiki tatu, nne, pengine miezi mitatu, ambamo kazi yako ni kujaribu, kukosea, kurekebisha na kuunda kitu ambacho hakikuwepo. Unapewa mahali penye sakafu nzuri na mikeka minene, pengine mwalimu, na unalipwa. Mwishoni mara nyingi huonyesha ulikofikia, hata kama kazi haijaiva.

Ninaandika haya kwa sababu nimeketi na vikundi vya vijana wetu wakijaza maombi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, usiku wa mwisho kabla dirisha kufungwa, na nimeona vipaji vikubwa vikikataliwa kwa mambo ambayo yangerekebishwa kwa siku mbili. Basi tuyarekebishe.

Kwanza jua unakotoka, maana utaulizwa. Sarakasi yetu ina historia, nayo si ya kuazima kutoka kwenye televisheni. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilituma vijana China kujifunza sarakasi, nao waliporudi mbinu zile zikaenea hadi mitaani na mahotelini kote Afrika Mashariki. Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, kimekuwa kikifundisha sarakasi sambamba na ngoma na maigizo. Nairobi, Sarakasi Trust ilianzishwa 2001, na makao yake Ngara ni jumba lililokuwa Sinema ya Shan. Addis Ababa kuna Fekat Circus tangu 2004. Na wale wanasarakasi wawili Watanzania, Ramadhani Brothers, mmoja akimbeba mwenzake kichwa kwa kichwa, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024. Ukiandika kwamba unatoka katika ukoo huo, na kwamba mtaani kwenu mlijifunzia kwenye tairi, msomaji wa maombi yako anakuona. Ukiandika kwamba una kipaji cha hali ya juu, hakuoni, kwa sababu wote mia mbili wameandika hivyo.

Sasa neno linalowachanganya wengi. Baadhi ya residensi hizi, hasa za Kanada na Australia, zimetengwa kwa wasanii wa jamii asilia. Kuna sababu yake. Igloolik, mji wa Wainuit kaskazini kabisa mwa Kanada, kikundi cha Artcirq kilianza 1998 baada ya vijana wa pale kujiua mmoja baada ya mwingine. Sarakasi ikawa njia ya kuwashika walio hai. Melbourne, Na Djinang Circus iliasisiwa 2017 na msanii wa Wakka Wakka, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa kwanza wa Australia. Nafasi hizo zilipiganiwa na watu walionyang'anywa ardhi na lugha, na kwa kawaida tangazo husema wazi ni za watu wa nchi ile. Ukisoma hivyo, funga ukurasa, tafuta tangazo lingine.

Lakini kuna matangazo yanayosema "jamii asilia kutoka popote duniani". Hapo tulia usome. Mimi ni Mluo, na nasema hili kwa upendo: Mluo wa Kisumu si jamii asilia kwa maana inayotumika katika matangazo hayo. Sisi ni wengi, tuna magavana na wabunge. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260, inapoeleza jamii zilizotengwa inataja jamii asilia kuwa ile iliyoshikilia maisha ya jadi ya uwindaji au ukusanyaji wa chakula porini. Waogiek wa Mau wanaingia hapo, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao. Na lijue pia hili: Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, Septemba 2007, Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Kwa hiyo neno lenyewe hapa kwetu bado lina ubishi, na si wewe utakayeumaliza ndani ya fomu.

Kama katika kikundi chenu yumo Mogiek, Msengwer au Muelmolo, nafasi ni yake na jina la mbele liwe lake. Msimtumie kama bango. Kama yumo Msuba wa Mfangano au Rusinga, ana hoja ya haki: UNESCO imekiorodhesha Kisuba miongoni mwa lugha zilizo hatarini, na matangazo mengine hukubali wasanii wa jamii ndogo zinazopoteza lugha. Aandike barua fupi kwa waandaaji aulize, kabla ya kuomba. Kujibiwa "hapana" mapema ni bora kuliko kukutwa umejipachika asili ya mtu mwingine. Jambo la namna hiyo hukufuata miaka, na kibaya zaidi humfuata yule mwenye haki anayekuja nyuma yako.

Kwa waliobaki, na ndio wengi wetu, ziko residensi zisizo na sharti hilo: za sarakasi, za ngoma na maigizo ya mwili, za wasanii wa Afrika Mashariki, za vijana wa mijini. Anzia karibu. Kampala unaingia kwa kitambulisho cha taifa tu kupitia Busia au Malaba; huhitaji pasipoti. Fuatilia pia matangazo ya vituo vya utamaduni vya Nairobi, kama Goethe-Institut, Alliance Française na GoDown. Residensi ya kwanza ya wiki mbili Nairobi au Kampala itakufaa kuliko ndoto ya Montréal, kwa sababu utakapoomba Montréal utaulizwa: ulishawahi kuumba nini, wapi, ukiwa na nani?

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito. Waandaaji wanapenda "utamaduni". Watataka orutu na nyatiti, ala zetu za nyuzi, watataka mikuki na manyoya. Usikimbilie kuwapa. Ipo Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016, inayosema kwamba sanaa ya jadi ni ya jamii, na kuitumia nje ya mila kunahitaji ridhaa ya wenyewe iliyotolewa mapema na kwa kuelewa. Kwa hiyo mkitaka ngoma za Isukuti kwa sababu mwenzenu ni Mluhya, kumbukeni kwamba Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho, na tangu 2014 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nendeni Kakamega mkaongee na wapigaji. Chukueni nauli, pelekeni na sukari. Rudini na barua yenye majina na sahihi.

Hata kwetu wenyewe, vitu havilingani. Mchezo wa adhula, ule wa vigongo na mpira, unaweza kuupeleka jukwaani hata leo. Ulikuwa mchezo tangu mwanzo. Tero buru si mchezo. Ni wanaume na ng'ombe na mikuki wakikifukuza kifo kitoke bomani, mtu akiwa amelala kaburini hata siku hazijapita. Nilishaona jaribio la kuifanya pindu za jukwaani, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele akasimama, akavaa kofia, akatoka bila neno. Kama moyo wako unakusukuma huko, nenda kwa wazee kwanza, uwaeleze mtafanya nini hasa, nani ataanguka na nani atabeba. Wakikataa, wamekataa. Kisumu Museum kuna Ber-gi-Dala, boma la Kiluo lililojengwa kamili, na ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo hayo, mkitazama mlango wa mke wa kwanza uko wapi na kwa nini.

Tuandike sasa. Swali la kwanza la fomu karibu zote ni: unataka kufanya nini? Kikundi kimoja nilichokaa nacho kilikuwa kimejibu: "Sisi ni vijana wenye nidhamu na vipaji, tunataka kuinua sanaa na kuwa mabalozi wa amani." Niliwauliza, mazoezini jana mlikuwa mkibishania nini? Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mama wa mmoja wao huuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, na anapozipepeta, ungo unarushwa, omena zinapaa, ungo unazidaka. Vijana walikuwa wakijaribu kumrusha mdogo wao hivyohivyo, watu wanne wakishika shuka kama ungo, na hawakukubaliana nani avute kwanza. Nikawaambia, andikeni hilo. Wakaandika: "Tunataka wiki nne za kujua jinsi watu wanne wanavyoweza kumrusha na kumdaka wa tano kwa mwendo wa ungo wa omena, bila kumwumiza. Mpaka sasa tunafika kimo cha mabega. Tunataka kufika mara mbili ya hapo." Mistari mitatu tu. Ina kazi, ina kipimo, ina mahali inakotoka, na mtu wa Ufaransa asiyejua omena ni nini atataka kujua.

Video ni nusu ya maombi. Msiunganishe vipande vya haraka haraka vyenye wimbo wa redioni juu yake. Wimbo una mwenyewe na haki zake, na vipande vya haraka humfanya mtazamaji ajiulize unaficha nini. Simu iwekwe juu ya kitu kisichotikisika, ilale upana, jua liwe nyuma ya anayerekodi. Rekodini namba moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kukata, mwili wote uonekane, na kutua kuonekane. Wajuzi huangalia kutua. Ufuo wa Dunga asubuhi saa moja unafaa: mchanga, mwanga laini, na ziwa nyuma yenu. Mkianguka kisha mkainuka mkarudia vizuri, acheni vyote viwili. Sauti iwe ya miguu yenu na pumzi zenu, au orutu ya mwenzenu. Dakika tatu zinatosha.

Pesa. Hapa watu wazima hunyamaza kwa haya na watoto wao hulipia. Katika mwaliko wowote tenganisha vitu vinne: malipo ya kazi, posho ya chakula, malazi, na nauli. Mwaliko ukikupa kiasi kimoja kikubwa na kusema "kinajumuisha yote", chukua kalamu. Tuseme mnapewa shilingi 120,000, mko sita, wiki nne, mnafanya kazi siku sita kwa wiki. Hizo ni siku 24 kwa kila mtu, siku 144 kwa wote. Gawanya: ni shilingi 833 kwa mtu kwa siku. Sasa toa chai, chapati na maharagwe mara mbili, boda, bendeji. Kilichobaki kilinganishe na siku moja ya mjengo. Mwanasarakasi mbebaji hula kama mjenzi na huchoka zaidi yake. Ukiona hesabu haitoki, usikatae kwa hasira. Jibu kwa barua pepe ya heshima, ukiwatumia hesabu hiyo yenyewe, na uombe chakula na malazi vilipwe kando. Nimeona waandaaji wakiongeza. Walikuwa hawajawahi kuhesabu.

Uliza pia malipo ya kwanza yanaingia lini. Nusu mnaposaini, au angalau kabla ya kusafiri, ni ombi la kawaida. Mtu akikutaka wewe ndiye utume pesa kwenye namba yake binafsi ya M-Pesa ili "kuthibitisha nafasi", hiyo si residensi. Na wakala anayekuja na kazi ya sarakasi ng'ambo, mwulize leseni yake, kisha hakikisha jina lake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Pasipoti yako ikae mfukoni mwako. Hakuna mwandaaji mwema anayehitaji kuiweka.

Ndani ya kikundi, kubalianeni mgao kabla jibu halijaja, mkiwa bado marafiki. Anayebaki nyumbani kwa sababu nafasi ni nne na ninyi ni saba, anapata nini? Aliyebuni namba lakini hachezi? Andikeni, wote msaini. Sajilini kikundi katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii, mfungue akaunti ya benki kwa jina la kikundi yenye watia sahihi watatu. Wafadhili wengi hawatumi pesa kwa jina la mtu mmoja, na wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukilipwa nje, huenda kodi ikakatwa hukohuko mnakoonyesha. Omba cheti cha kodi hiyo, ukihifadhi pamoja na PIN yako ya KRA.

Mwili sasa, kwa kuwa ndio kiwanda. Mwaka mmoja niliandamana na kikundi kwenye programu ambayo sitaitaja. Siku ya tatu ya mazoezi, mbebaji aliteleza, akadaka sakafu kwa kiganja, na tukasikia mlio. Waandaaji walisema bima yao ilikuwa ya usiku wa onyesho tu. Tulirudi naye Kisumu kwa basi la usiku, mkono umefungwa kwenye kadibodi, mpaka hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Mkono ulipona, lakini haubebi uzito tena. Kwa hiyo kabla ya kusaini tafuta neno "mazoezi" ndani ya kipengele cha bima. Kama halimo, liombe liandikwe. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, lipia ukiwa nyumbani, ila usiitegemee ukiwa jukwaani ng'ambo. Uliza mikeka ina unene gani, dari iko juu kiasi gani, nani anakagua kamba. Haya si maswali ya mwoga. Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa.

Na wasichana: sarakasi ni kazi ya kushikana. Ombeni sheria za kushikana ziandikwe, nani anamdaka nani, na mtu wa kumwendea kama mkono umekwenda pasipostahili, ambaye si mwalimu mwenyewe. Walio chini ya miaka 18 wasafiri kwa idhini ya wazazi iliyoandikwa, na mtu mzima wa kikundi awe nao usiku na mchana.

Karatasi hazina utamu, kwa hiyo nitapita haraka. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na ofisi ya uhamiaji ya Kisumu inatoa. Anza leo, usisubiri barua ya mwaliko. Cheti cha tabia njema nacho ni cha eCitizen, alama za vidole Huduma Centre. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku kumi baada ya kuchomwa, na kadi yake inadumu maisha yako yote, basi usiipoteze. Viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, hayakubaliwi maombi yaliyoletwa chini ya siku 15 kabla ya safari, na lazima ufike mwenyewe Nairobi kutoa alama za vidole. Weka nauli hiyo kwenye bajeti. Usiombe viza ya utalii ilhali mwaliko unasema utalipwa. Barua ya chifu utaihitaji kwa jambo moja au jingine, na kumbuka Nyalenda A iko Kisumu Mashariki na Nyalenda B iko Kisumu ya Kati. Nimeona mtu akipanga foleni asubuhi nzima kwenye ofisi isiyo yake.

Ukishafika, linda muda wako. Wenyeji watakupenda, watakuomba uonyeshe shuleni, kwenye chakula cha jioni, kwa jirani yao. Kubali moja au mbili. Ulikuja kuumba, na wiki nne huisha ukiwa bado unajifunza jina la mpishi. Anza kila asubuhi na daftari: jana tulifika wapi, leo tunajaribu nini. Rekodi kila jaribio, hata baya. Siku isiyo na kitu chochote kipya ipo, na inalipwa kama nyingine. Usiijaze kwa pindu za zamani ili uonekane unafanya kazi.

Ripoti ya mwisho iandike ukiwa bado huko, jioni mbili za mwisho, majina ya wote yakiwa yameandikwa sawasawa pamoja na ya wazee waliowapa ridhaa. Picha tumeni kwa wazee hao pia.

Kisha rudini muonyeshe Nyalenda, bure, mahali penu pa mazoezi. Mwanzo uwe saa kumi jioni, ili wanaouza usiku waone kabla ya kwenda kuwasha taa zao na wadogo wawahi nyumbani kabla mbu wa Nanga hawajaamka. Mama wa omena apewe kiti cha mbele. Na yule msichana wa kijiti, kama hakusafiri, ndiye awaonyeshe watu mstari: hapa walitua mwezi wa tatu, hapa wanatua leo.